Kuchapa Picha za Wazee Nyumbani

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Wote)



Napenda kuwaeleza habari za kopo moja la chai lililoletwa nyumbani kwangu. Ndani yake zilikuwamo negativu nane za jamaa mmoja wa hapa Makueni, na moja ilikuwa ya nyanya yake, ambaye hana picha nyingine yo yote.

Negativu zile hazikuingia katika mashine yangu ya kukuzia picha, kwani kila moja ilikuwa na upana wa sentimeta 6.5 na urefu wa sentimeta 11. Ni za filamu namba 116, ambayo Kodak walianza kuiuza mwaka 1899 na kuikomesha mwaka 1984. Mtu fulani alikuwa amemshauri azikate kwa mkasi zipate kuenea. Nashukuru hakumsikiliza, kwa maana pale pa kukatwa alisimama mtoto mdogo.

Hapana haja ya mashine kubwa. Chini ya taa nyekundu, laza negativu juu ya karatasi ya picha, upande wake usiong'aa uelekee upande wa karatasi uliopakwa dawa. Weka kioo safi juu yake, kisha washa taa nyeupe kwa sekunde chache. Anza na kipande chembamba cha kujaribia, maana karatasi ni ghali. Picha itokayo ina kipimo kile kile cha negativu.

Shida yetu ni joto. Dawa ya kutokeza picha yataka digrii 20 za Sentigredi, na maji ya tangi hapa Wote huzidi hapo mara nyingi. Mimi huyatia katika mtungi wa udongo kivulini tangu asubuhi. Tena jihadharini: filamu za kabla ya miaka ya 1950 huweza kuwa za nitreti, nazo hushika moto upesi mno, zisikae karibu na jiko.

Picha yangu ya kwanza ilitoka kijivu tupu. Nilipotafuta sababu nikaona taa ya jirani yapenya katika tundu la msumari kwenye bati. Nikaliziba kwa nta. Ya pili ikamtoa nyanya wazi, hata shanga za shingoni zahesabika.

Yule mtoto hakuna aliyemjua, mpaka shangazi yao alipoonyeshwa picha, akasema, "Huyu ni mimi."

Negativu sasa zimo katika bahasha za karatasi, kila moja peke yake. Kopo nimelirudisha.