Bahari Ikae Mgongoni mwa Mpiga Picha: Uchaguzi wa Maeneo ya Kupigia Picha Magari Yaliyoegeshwa

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wapiga picha wa biashara na wasimamizi wa yadi za magari, Dar es Salaam



Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze namna ya kuchagua mahali na mandharinyuma ya gari lililoegeshwa, nianze na maana ya istilahi, kisha nitoe mapendekezo. Istilahi nitazipitia upesi, kwa kuwa wengi mliomo humu mnapiga magari kila wiki. Nayasema haya kwa nafasi yangu ya kitaaluma. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa waandaaji.

1. Maelezo ya msingi

Mahali ni eneo lote la kazi: lilipoegeshwa gari, aliposimama mpiga picha, na vyote vilivyowazunguka. Mandharinyuma ni ile sehemu inayoonekana nyuma ya gari ndani ya picha. Gari linalokimbia huweza kupigwa kwa namna ambayo yaliyo nyuma yake yanavurugika. Lililoegeshwa halina msaada huo. Nguzo, jalala na bango hubaki kama vilivyo.

Kanuni za mandharinyuma tunazijua. Gari jeupe lisiwekwe mbele ya ukuta mweupe. Nguzo ya umeme isichomoze juu ya paa. Maandishi yawe machache, maana macho hukimbilia maandishi kabla ya kitu kingine. Ukuta wa kawaida unatosha. Mmarekani Langdon Clay alipiga magari yaliyoegeshwa usiku katika mitaa ya New York na jirani zake kati ya 1974 na 1976, kwa mwanga uliokuwapo mtaani, na nyuma ya mengi ya magari yale hakuna zaidi ya duka lililofungwa au ukuta wa jengo. Picha hizo zinatazamwa hadi leo.

Umbali nao ni sehemu ya mahali. Gari lenye urefu wa mita 4.6, likipigwa ubavu kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili, humtaka mpiga picha arudi nyuma kiasi cha mita 15. Kwa simu, ambayo lenzi yake kuu ni sawa na milimita 24 hadi 26, mita 4 au 5 zinatosha gari kuingia lote, na hapo ndipo, ukipiga kwa mshazari, taa ya karibu huvimba na buti kusinyaa. Toyota IST na Toyota Harrier hutoka na pua moja. Kwa hiyo pasipo na nafasi ya wazi ya mita 15 mbele ya gari, mimi sipaiti mahali pa kazi.

2. Kilicho mbele ya gari

Hapa ndipo penye mgogoro wangu wa miaka mingi na wateja, na mara nyingine na wenzangu wa kamera. Tunachagua mahali kwa kutazama kilicho nyuma ya gari, ilhali sura ya gari pichani inatokana na kilicho mbele yake.

Rangi ya gari imefunikwa na tabaka la vanishi inayong'aa, na mng'ao huo unafuata kanuni ileile ya kioo: mwanga hutoka kwa pembe uliyoingilia. Ubavu uliomwelekea mpiga picha unaonyesha yaliyo mgongoni kwake. Boneti na mabega ya gari, kwa kuwa yanatazama juu, yanaonyesha anga. Sehemu ya chini ya milango, iliyoinamia ndani, inaonyesha ardhi. Gari jeusi litakuonyesha hayo yote waziwazi. Jeupe halionyeshi taswira kwa ukali huo, lakini hubeba rangi. Liegeshe kwenye udongo mwekundu na chini ya milango patakuwa na wekundu ambao mnunuzi aliyeko Mwanza ataudhania kutu. Liegeshe kwenye nyasi, na upande wa chini utapata ukijani.

Mfano ninaoutumia kila mara ni Coco Beach, kwa sababu karibu kila mwenye gari jijini huniomba nimpeleke huko. Ufukwe ule unatazama mashariki. Mteja anataka gari liwekwe pembeni mwa mchanga, mpiga picha asimame upande wa barabara, bahari ionekane nyuma. Jioni jua linatua upande wa mjini, yaani mgongoni kwa mpiga picha, na kwa macho ya haraka kila kitu kinapendeza: maji ya buluu, gari limeangazwa vizuri. Sasa tazama milango. Utaona miavuli ya wauza mihogo, bajaji zilizopanga foleni, vijana wanaotazama kazi, na mpiga picha mwenyewe katikati na miguu yake imetanuka. Mstari mrefu wa ubavu ambao mbunifu aliuchora ili gari lionekane limetulia umekatwakatwa na vitu visivyohusika.

Geuza kazi hiyo. Gari libaki pale pale, mpiga picha ahamie upande wa maji, bahari ikae mgongoni kwake. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, anga ya mashariki huwa imeng'aa kwa upana wake wote na maji chini yake ni tambarare. Ubavu wa gari unapokea mwanga mpana usio na kivuli kikali, na mstari wa upeo wa bahari unapita milangoni mmoja, mnyoofu, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Studio kubwa za magari hutundika taa pana kama dari juu ya gari ili kupata mwanga wa aina hiyo. Sisi tunao bure. Nyuma ya gari kutakuwa na vichaka na barabara, na hakuna atakayevitazama. Jioni, jua likishashuka nyuma ya majengo, upande huohuo unafaa tena. Kwa wenzetu wa Unguja, Forodhani inatazama magharibi, hivyo saa zao ni kinyume cha zetu: huko mwanga huu unapatikana baada ya jua kuzama baharini.

Nimeyaeleza haya kwenye ofisi nyingi. Mwenye yadi mmoja alinirudishia kazi nzima kwa sababu ilikuwa imefanyika pwani na bahari haionekani. Nilimwekea picha zake za zamani na hizi mpya meza moja. Alikubali kwamba katika hizi mpya gari ni zuri zaidi, kisha akasema bado anataka bahari. Inaumiza, kwa sababu kinacholipiwa ni gari na kinachopewa nafasi pichani ni bahari. Ninaamini mnunuzi hatafuti bahari. Anatafuta gari ambalo hajalishika, na pengine anatuma pesa za akiba ya miaka.

Wapo wanaosema kichujio cha polaraiza, kinachopunguza mng'ao, kinamaliza tatizo hili la taswira milangoni. Kinasaidia, lakini katika pembe fulani tu, karibu nyuzi 56 kwa kioo, na kromu hakiigusi kabisa. Ukipiga gari kwa mshazari, mlango mmoja utasafishika na boneti itabaki na anga yake. Wengine hufuta taswira kwa programu za kuhariri. Mlango uliofutwa taswira zake zote hauonekani tena kuwa wa chuma.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao nauzungumzia kwa tahadhari, na simlengi mtu wala yadi yoyote. Mafundi wa bodi hukagua kazi yao kwa kutazama taswira ya mstari mnyoofu, mathalani taa ndefu ya gereji, jinsi inavyopita juu ya mlango. Mstari ukipinda, hapo pamebonyea au pamejazwa puti. Kwa hiyo upeo wa bahari ulionyooka milangoni unasema ukweli kuhusu bodi. Gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini, milango imejaa majani na mabaka ya jua, linaweza kuwa na mbonyeo mkubwa na picha isiuonyeshe. Wengi huliweka pale kwa kufuata kivuli tu, nami naamini hivyo. Lakini tukijua kwamba mahali fulani panaficha mbonyeo, na tukaendelea kupachagua kwa kazi za mauzo, tunashiriki katika kumficha mnunuzi.

3. Jua na vibali, kwa ufupi

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa juu mno, na mapema Machi na karibu na Oktoba 10 hupita utosini kabisa. Wakati huo paa na boneti huungua pichani, na magurudumu hupotea ndani ya kivuli cha bodi. Jioni jua hushuka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, na likishazama, mwanga wa kufanyia kazi haufiki nusu saa. Anayeanza kutafuta mahali saa 12 jioni ameshachelewa.

Kuhusu vibali, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 linavutia watu wengi, lakini darajani si mahali pa kusimamisha gari. Maeneo ya jeshi, bandari, uwanja wa ndege na majengo ya Serikali yana masharti yake, na penye kibao cha kukataza picha hapana mjadala.

4. Mapendekezo

Kabla ya kuegesha gari, mpiga picha asimame litakapokaa gari na atazame kule atakakosimama yeye. Anachokiona hapo ndicho kitakachokuwa milangoni. Wanafunzi wafundishwe hili kabla ya kufundishwa lenzi.

Yadi ziache nafasi moja isiyowekwa gari la kuuza, angalau mita 20 kwa 10, sakafu ya saruji au lami ya rangi moja, mbele yake pakiwa na anga wazi au ukuta mrefu usio na maandishi. Najua nafasi ni pesa. Hata hivyo picha zote za yadi hiyo zitapigwa hapo, na gharama za kuzungukazunguka mjini zitakwisha.

Vibendera, mabango na taa za rangi viondolewe upande unaotazamana na nafasi hiyo. Ukiwa na bango jekundu la punguzo la bei mbele ya Prado nyeusi, utauza Prado yenye mstari mwekundu.

Walio na maghala yenye kuta ndefu, kama yale ya kando ya Barabara ya Nyerere, wafikiwe kwa barua na kuombwa nafasi upande wenye kivuli, siku za mapumziko. Kivuli cha jengo refu kinachotazama anga wazi ni mbadala mzuri wa alfajiri ya pwani kwa wasioweza kuamka mapema.

Mpiga picha avae nguo nyeusi au ya kijivu. Wasaidizi vilevile.

Kazi za mauzo zisipigwe chini ya mti wenye majani. Narudia hili kwa makusudi.

Penye udongo mwekundu au nyasi, gari jeupe au la rangi ya fedha lihamishwe. Penye mchanga laini gari lolote lisiingizwe, kwa sababu magurudumu yakizama gari hukaa vibaya hata likitoka salama.

Anayepiga kwa simu atumie lenzi ya kuvuta karibu na arudi nyuma, badala ya kusogea.

Mikataba yetu iandike wazi kwamba mahali na saa vitaamuliwa na mpiga picha baada ya kulitazama gari. Mteja anayehitaji bahari nyuma apigiwe picha moja ya bahari, ya kupamba tangazo, na nyingine zote zipigwe kwa kufuata kilicho mbele ya gari. Nimeanza kufanya hivi, na ugomvi umepungua.

Kila gari la mauzo lipate angalau picha moja ya kila ubavu yenye mstari mnyoofu unaopita milangoni, uwe wa upeo wa bahari, wa ukingo wa ukuta au wa paa la ghala. Ningependa wasimamizi wa yadi waliopo hapa wakubali hili leo, nasi wapiga picha tukubali kutompelekea mteja kazi isiyo na picha hizo.