Mto Niger: Maji ya Watu Wengi



Leo tunazungumza juu ya mto. Mto huo haupo kwetu, upo Afrika Magharibi. Lakini mambo yake siyo mageni kwa mkulima, wala kwa mfugaji, wala kwa mvuvi. Mto wenyewe unaitwa Niger.

Tukiitazama ramani tutaona jambo la ajabu. Mto huu unaanzia katika milima ya nchi ya Guinea, kilomita 240 hivi tu kutoka baharini. Tungedhani utashuka upesi uingie baharini. Kumbe sivyo! Unaipa bahari mgongo, unakwenda kaskazini mashariki mpaka ukingoni mwa jangwa la Sahara, karibu na mji wa Timbuktu. Hapo unapinda. Unashuka, unapita nchi ya Niger, unagusa mpaka wa Benin, unaingia Nigeria. Mjini Lokoja unakutana na mto Benue, kisha unakwenda kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Safari nzima ni kilomita 4,180 hivi.

Mungo Park, mtu wa Uskochi, aliuona mto huu mjini Ségou mwaka 1796. Mwaka 1830 ndugu wawili Waingereza, Richard na John Lander, waliufuata mpaka baharini. Vitabu vya wakoloni vikasema eti Wazungu wameuvumbua. Je, wenyeji walikuwa hawauoni? Walikunywa maji yake, walivua samaki wake, na waliupa majina. Wamandinka huuita Joliba. Wasonghai huuita Isa Ber, maana yake mto mkubwa.

Sasa tusimame kidogo katikati ya nchi ya Mali. Hapo ardhi ni tambarare. Mto hugawanyika vijito vingi na kufurika. Mvua zenyewe hunyesha Guinea, kuanzia Juni hadi Septemba. Maji hutembea polepole. Hufika Mopti mnamo Oktoba na Novemba. Hufika Niamey, mji mkuu wa Niger, Desemba na Januari, wakati huko ni kiangazi kikavu.

Katika bonde hilo la Mali wanaishi wavuvi wa Kibozo, wakulima wa mpunga kama Wamarka na Wabambara, na wafugaji wa Kifulani. Ardhi ni ile ile moja. Wanaitumiaje? Kwa zamu. Maji yakijaa, mpunga hukua ndani ya maji na mvuvi hupita na mtumbwi wake. Maji yakipungua, mkulima huvuna. Akishavuna, ng'ombe huingia. Hula mabua, na hula majani yanayoitwa burgu, ambayo humea ndani ya maji. Ng'ombe nao huacha mbolea shambani.

Zamu hiyo haikujipanga yenyewe. Katika karne ya 19, dola la Masina, chini ya Seku Amadu, liliweka sheria. Ng'ombe wapite njia ipi? Wavuke lini? Kundi lipi litangulie? Yote yalipangwa. Siku ya ng'ombe kuvuka mto huko Diafarabé ikawa sikukuu kubwa, maana vijana waliokaa malishoni miezi mingi hurudi kwao.

Wakaja wakoloni. Wafaransa waliiteka Ségou mwaka 1890. Wao walitaka pamba kwa viwanda vyao. Mwaka 1932 waliunda shirika liitwalo Office du Niger. Kuanzia 1934 hadi 1947 walijenga bwawa huko Markala, na watu walifanyishwa kazi kwa nguvu. Wengine waliletwa kutoka nchi ambayo leo ni Burkina Faso, wakalime. Mpango ulikuwa kumwagilia karibu hekta milioni moja. Hata robo yake haikufikiwa. Leo mashamba yale hutoa mpunga mwingi, na Mali inauhitaji. Lakini maji yanayochukuliwa pale hayafiki bondeni.

Halafu kuna mipaka. Wakoloni waliukata mto vipande. Juu wakatawala Wafaransa, chini Waingereza. Guinea ilipata uhuru 1958. Mali, Niger na Nigeria zilipata 1960. Kila nchi inataka umeme na chakula, na hilo siyo kosa. Nigeria ilimaliza bwawa la Kainji mwaka 1968, na watu zaidi ya 40,000 walihamishwa. Niger nayo imeanza bwawa lake huko Kandadji. Guinea kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa bwawa la Fomi. Sasa, anayefunga maji juu, amemwuliza aliye chini? Kwa sababu hiyo nchi 9 zina shirika lao, Mamlaka ya Bonde la Niger, lenye makao Niamey.

Ndugu zetu, shida ni kubwa. Ukame wa 1973 na wa 1984 ulipunguza maji. Mashamba ya mpunga yakaingia kwenye malisho ya burgu. Zamu ikaanza kuvunjika. Mwaka 2012 vita vilizuka Mali, na bunduki zikaenea. Mwezi Machi 2019, katika kijiji cha Ogossagou, mkoa wa Mopti, Wafulani zaidi ya 150 waliuawa, na watoto wakiwemo. Vita vile vina sababu nyingi. Lakini ugomvi wa ardhi na maji ni moja ya sababu hizo.

Wako wanaosema mfugaji na mkulima ni maadui tangu zamani. Bonde la Niger linatuonyesha vingine. Waliishi pamoja kwa sababu palikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa na watu wa kuulinda. Ulipokosa walinzi, jirani akageuka adui.

Basi, tukitoka hapa tuulizane. Kijijini kwetu, nani hupanga siku ya ng'ombe kushuka mtoni? Mkulima alikuwepo walipopanga? Mfugaji je? Na anayeishi chini ya mto, tumemkumbuka?