Picha ya Maombi ya Viza: Uso Wako Ndio Ushahidi Wako

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Kalamba, katika Kaunti ya Makueni, mbele ya wazazi na vijana wanaojitayarisha kuomba ruhusa ya kwenda nchi za ng'ambo.



Nimeombwa ninene juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni ile picha ndogo inayoambatishwa na maombi ya viza. Mtu hukusanya vyeti vyake kwa miezi mingi. Huuza maembe yake, na pengine ng'ombe, ili apate ada. Kisha siku ya mwisho huingia kwa mpiga picha kwa dakika tano, akatoka mbio. Baadaye hupata jibu ya kwamba picha yake haikufaa. Vyeti vyote vilikuwa sawa. Kilichomrudisha nyuma ni karatasi isiyozidi upana wa vidole vitatu.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini picha yatakiwa. Babu zetu walipewa kipande, kilichoanza kutumika Kenya baina ya mwaka 1919 na 1920. Mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na alama za vidole ndizo zilizomtambulisha. Huko Ulaya nako, kabla ya vita vya 1914, wengi walisafiri bila picha yoyote. Lakini mwaka huo huo mpelelezi wa Kijerumani, Carl Hans Lody, aliingia Uingereza kwa pasipoti ya Mmarekani mwingine. Alikamatwa, akauawa kwa kupigwa risasi, na tangu hapo serikali mbalimbali zikaanza kudai picha katika pasipoti. Hivyo basi, tangu mwanzo picha hii haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Iliwekwa ijibu swali moja tu: je, huyu aliyesimama mbele yangu ndiye mwenye karatasi hii?

Siku hizi swali hilo huulizwa na afisa, na huulizwa na mashine pia. Pasipoti ya Kenya yenye chipu ilianza kutolewa mwaka 2017, na sura ya mwenyewe huhifadhiwa humo. Mashine hutazama macho, pua, kinywa na kidevu, na nafasi iliyo baina yao. Ukifunika kimojawapo, au ukikibadilisha, umelinyima swali jibu lake.

Sasa tutazame vipimo. Yule atakaye kwenda Marekani ajue ya kwamba picha yao ni ya mraba, milimita 51 kwa 51. Kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini, kiwe baina ya milimita 25 na 35. Ikiwa picha hupelekwa kwa kompyuta, kila upande uwe na pikseli 600 hadi 1200, na uzito wake usizidi kilobaiti 240. Nchi nyingi za Ulaya hutaka picha ya milimita 35 kwa 45, nayo si ya mraba. Usimwambie mpiga picha, "Nipige ya pasipoti," ukanyamaza. Mwambie ni ya nchi gani, kisha upime mwenyewe kwa rula ya mtoto wa shule kabla hujalipa.

Kwa picha ya Marekani, masharti mengine ni haya. Iwe ya rangi, na iwe imepigwa katika miezi 6 iliyopita. Nyuma pawe peupe, au karibu na weupe, bila pazia lenye maua. Utazame kamera uso kwa uso, macho yote mawili yakiwa wazi, na uso uwe umetulia. Miwani imekatazwa tangu tarehe 1 Novemba 2016, ila kwa sababu ya ugonjwa iliyoandikwa na daktari. Kofia na vilemba huondolewa; lakini anayefunika kichwa kila siku kwa ajili ya dini yake aruhusiwa, maadamu uso wote waonekana na kitambaa hakitupi kivuli juu yake. Sare za kazi hazifai. Nami naongeza shauri langu: usivae shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, maana mabega yako yatapotea.

Haya yote mtu aweza kuyasoma. Lakini liko jambo moja ambalo karatasi za masharti hazilielezi vema kwa watu wetu, nalo ni nuru.

Kamera haijui nani ni nani. Ikiona ukuta mweupe nyuma yako, hudhani ya kwamba nuru imezidi, ikaipunguza picha yote. Ukuta ukatoka vizuri, na uso wako mweusi ukawa giza tupu, macho hayaonekani. Kosa hili lina historia ndefu. Filamu za rangi za karne iliyopita zilirekebishwa kwa picha za wanawake weupe, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka. Wala halijaisha. Mwaka 2020 shirika la BBC liliujaribu mtambo wa Uingereza uliokuwa ukikagua picha za pasipoti kwa njia ya intaneti. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao ni mbaya mara 22 katika kila 100, na wanawake weupe mara 14. Kwa wanaume, weusi walikuwa 15 na weupe 9. Basi kijana akirudishiwa picha, asione haya kwa sura yake. Uso hauna kosa. Nuru ndiyo iliyokosewa, na nuru yaweza kurekebishwa hapa hapa Kalamba bila gharama.

Fanya hivi. Usipige picha juani saa sita za mchana, kwa maana jua la utosini hutia kivuli machoni, nawe utakunja uso. Usikae chini ya mwembe pia, ingawa kivuli chake ni kizuri kwa mazungumzo; nuru ipitayo katika majani huleta rangi ya kijani usoni. Afadhali veranda. Simama ndani ya kivuli cha paa, uelekee nje kwenye uwazi wa mbingu, ili nuru ikufikie usoni pande zote mbili sawasawa. Tundika shuka nyeupe iliyopigwa pasi nyuma yako, nawe usogee mbele yake kiasi cha hatua moja, ili kivuli chako kisianguke juu yake. Udongo wetu mwekundu hurudisha wekundu kidevuni. Tandika karatasi nyeupe au shuka ya pili miguuni, nayo itakuongezea nuru kutoka chini.

Kamera iwe sawa na macho yako, na mpigaji akae mbali kiasi cha hatua mbili. Usijipige mwenyewe kwa kunyosha mkono, kwa kuwa kamera ya karibu hukuza pua na kupunguza masikio. Ikiwa ni simu, mpigaji aguse uso wako juu ya kioo chake ili ipime nuru kwa uso, si kwa shuka. Apige picha kumi, nawe uchague ile ambayo mama yako angekutambua bila kufikiri.

Nakuja sasa kwa neno lililonileta hapa. Binti mmoja wa jamaa yetu alikwenda kupigwa picha mjini, katika duka ambalo sitalitaja. Mwenye duka alimwonea huruma, akamng'arisha ngozi kwa kompyuta, akamwondolea kovu alilolipata utotoni, akampunguza mashavu. Binti alifurahi sana. Picha ilikataliwa, na tarehe yake ya mahojiano ikapita. Alilia, akaniuliza, "Mjomba, kwani kosa langu ni nini?" Nikamwambia, "Kosa si lako peke yako, ila ile picha haikuwa yako."

Masharti ya Marekani yakataza wazi kuibadilisha picha ili sura iwe nyingine. Hapa simu nyingi hutusaliti, kwa kuwa hulainisha na kung'arisha uso zenyewe bila kuulizwa. Izime kazi hiyo kabla ya kupiga. Kovu lako libaki, na rangi yako ibaki. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuongeza nuru juu ya uso ni halali. Kuubadili uso ni kujikana, na mtu aliyejikana katika karatasi atajithibitishaje mbele ya afisa?

Kwa wenye watoto wachanga, mlaze mtoto juu ya shuka nyeupe karibu na mlango, mpige kutoka juu, na mkono wa mama usionekane. Kwa mchanga, macho yasipofunguka yote si kosa. Kila mtoto awe na picha yake. Wale waliotuma maombi ya ile bahati nasibu ya viza za Marekani walitakiwa kumtaja mke au mume na kila mtoto aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa, kila mmoja na picha yake mpya. Aliyerudia picha ya mwaka uliotangulia aliweza kuondolewa katika maombi.

Mwisho, masharti hubadilika. Kabla ya kulipa ada yoyote, yasome yale ya ubalozi wenyewe, si ya wakala anayekuahidi njia ya mkato. Anayetaka fedha ili "aitengeneze" picha yako akuulizwe atakachotengeneza ni nini.

Kazi hii ni ya nusu saa, kwa shuka mbili, veranda na rula. Mwendao ng'ambo, nendeni na nyuso zenu wenyewe, ili siku mtakaporudi Kalamba afisa wa mpakani awatambue kama tutakavyowatambua sisi.