Hotuba ya Katibu: Safari Bila Tiketi ni Hasara kwa Ushirika



Leo sisemi habari za mbolea. Nasema habari za tiketi ya treni. Mnajua kwamba vijana wetu wawili tuliowatuma mjini na karanga walishushwa njiani. Nauli tuliwapa mkononi. Wao wakaona waile, wapande hivi hivi, na mkaguzi akipita wajifiche chooni. Jamani, mkaguzi si mtoto. Chooni ndiko anakoanzia! Sasa wanaomba ushirika uwarudishie pesa waliyotozwa. Kabla hatujanyosha mikono, nisikilizeni.

Kupanda treni bila tiketi kwa nia ya kukwepa nauli ni kosa la sheria, siyo ujanja. Ukikamatwa unadaiwa nauli pamoja na adhabu juu yake. Kama huna pesa unashushwa, unakabidhiwa kwa askari, na unaweza kufika mbele ya hakimu. Karanga zako nani atazilinda wakati huo?

Wapo wanaosema, "Aa, huo ni ukali wa hapa kwetu tu." Sivyo. Kule India, Sheria ya Reli ya mwaka 1989 inatenga mambo mawili. Aliyekutwa hana tiketi halali hulipa nauli, na juu yake nyongeza iliyo sawa na nauli hiyo au rupia 250, ile iliyo kubwa. Lakini aliyepanda kwa hila anaweza kufungwa hadi miezi 6, au kutozwa faini hadi rupia 1,000, au vyote viwili. Na kule England, tangu Januari 2023, adhabu anayotoza mkaguzi ni pauni 100 pamoja na nauli. Ukilipa ndani ya siku 21, hizo 100 zinakuwa 50. Basi kila penye reli pana mkaguzi.

Sasa nijiseme mwenyewe. Kabla sijaingia darasa la watu wazima, nilinunua tiketi kwa mtu nje ya stesheni, kwa bei nafuu. Nikakaa kwenye behewa kifua mbele. Mkaguzi akaitazama, akasema, "Ndugu, hii ni ya juzi." Mimi maandishi yale nilikuwa nayaona kama nyayo za kuku. Nililipa kwa pesa ya mbegu. Mwaka ule tulilima nusu shamba. Mke wangu hakunigombeza, alininunulia daftari na penseli, basi. Ndiyo maana leo naweza kuwaandikia ubaoni hapa.

Kwa hiyo tiketi halali siyo karatasi yoyote. Nunua dirishani, kisha soma mambo manne kabla hujaondoka pale: tarehe, stesheni unayotoka na unayokwenda, daraja, na pesa uliyolipa. Ukipitiliza stesheni uliyolipia, kipande kile cha mbele huna tiketi. Ukitozwa adhabu, lipa na udai risiti. Usimpe mtu chochote kwa siri, maana hapo umeongeza kosa juu ya kosa.

Na msidhani mambo yatalegea. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, halafu Dodoma, tiketi inakaguliwa hata kabla hujapanda.

Ndugu zangu, shauri langu ni hili:

1. Ushirika usilipe adhabu ya mtu aliyepewa nauli akaitia mfukoni. Nauli ile wairudishe.

2. Kuanzia sasa, anayetumwa alete tiketi iliyotumika kwa mweka hazina, ibandikwe kwenye daftari.

3. Tiketi hizo tuzisome darasani siku ya Jumanne. Asiyejua kusoma asione haya. Mimi nilichelewa nikalipa.

Vijana wale ni watoto wetu, hatuwafukuzi. Msimu ujao watumwe tena, na tiketi mkononi. Karanga zile ni jasho la kaya zote, hazikuwa za watu wawili.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, Kijiji