Skuli za Shamba na Watoto Wetu

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Manfuha, Riyadh



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, na kuwashukuru wenyeji wetu wa Manfuha waliotupokea kwa ukarimu. Shukurani za pekee ziwafikie wenzetu wa Jeddah, waliokata masafa ya kilomita 950 hivi, wengine na watoto wachanga mapajani, kwa ajili ya siku mbili tu za kuonana.

Kamati imenitaka niseme machache juu ya elimu ya watoto wa shamba. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu miaka yangu mingi ya utumishi wa serikali huko nyumbani ilikwisha katika mafaili, rejista na safari za ukaguzi, kabla sijastaafu na kuwafuata wanangu huku. Basi nitasema kama karani mzee asemavyo, kwa tarehe na hesabu. Mwenye kupenda mashairi atanisamehe, ingawa tumekaa katika mtaa ambao wajuzi wa Kiarabu wanasema ndiko alikotoka al-A'sha, mshairi mkubwa wa zama za kabla ya Uislamu.

Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Mfuko wa ukoo umekua, na kesho tutakata shauri utumikeje. Rai ya kwanza, ambayo vijana wengi wanaiunga mkono, ni kuwachagua kila mwaka watoto wachache wenye akili kijijini kwetu na kuwapeleka skuli za kulipia za mjini, Unguja au Dar es Salaam. Rai ya pili ni kuzitumia fedha hizo pale pale kijijini: nyumba ya walimu, na dakhalia ndogo ya wasichana wa kidato cha tatu na cha nne. Mimi ni wa rai ya pili, na ningependa mnisikilize kabla hamjanipinga.

Tuanze na tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bure Visiwani. Walio na umri wangu ni matunda ya tangazo hilo, kila mtu awe na maoni gani juu ya mengineyo ya wakati ule. Kabla ya hapo skuli zilikuwako shamba, lakini chache, na wazee wetu hawakuzikimbilia. Wako wanaosema kwamba walikuwa wajinga wasiopenda elimu. Si kweli hata kidogo. Karibu kila kijiji kilikuwa na chuo cha Kurani, na watu wengi walijua kusoma kwa herufi za Kiarabu. Walichokikataa ni skuli isiyofundisha dini, iliyoletwa na mkoloni bila ya kuwauliza. Serikali ya wakati huo ilipokubali kuwaingiza walimu wa Kurani katika skuli za shamba, watoto wakaanza kuja. Nalitaja hili kwa kuwa lina maana hata leo: mzazi wa shamba akikataa jambo, aghalabu ana sababu, na anayetaka kumsaidia aanze kwa kuiuliza sababu hiyo.

Sasa tutazame hali ilivyo. Majengo si tatizo kubwa kama zamani. Katika miaka hii ya karibuni zimejengwa skuli nyingi mpya, nyingine za ghorofa, na ile mikondo miwili ya asubuhi na jioni imepungua mahali pengi. Mgeni akipita barabarani ataona ukuta mpya na rangi mpya, atapiga picha na kuondoka ameridhika. Ndani ya ukuta ndiko kwenye mambo.

La kwanza ni mwalimu wa hesabu na sayansi. Mwalimu wa masomo hayo hupelekwa shamba akakuta hakuna pa kulala. Hukodi chumba mjini Wete au Chake Chake, hupanda gari ya abiria kila asubuhi, na mvua ya masika ikinyesha hufika saa nne au hafiki kabisa. Akikaa mwaka, huanza kutafuta uhamisho. Mwalimu wa kike ana uzito zaidi, kwani mume yuko mjini, na hata asiye na mume hawezi kulala katika chumba cha skuli kisicho na kitasa. Naye mwalimu wa kike ndiye sababu kubwa ya mzazi wa shamba kumruhusu bintiye aendelee na masomo. Nyumba ya vyumba vinne yenye tangi la maji na uzio inaweza kubadili mambo kuliko madawati mia.

La pili ni lugha. Kwa sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, msingi ni miaka 6, na kuanzia darasa la tano hesabu na sayansi zinafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini anakisikia Kiingereza kwa watalii, kwenye televisheni na kwa kaka yake. Mtoto wa kijijini kwetu hukisikia kwa mwalimu peke yake, na mwalimu mwenyewe aghalabu hukisema kwa taabu, kisha hufasiri kwa Kiswahili ili aeleweke. Mtihani unapofika, hakuna mfasiri. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo kiasi cha watahiniwa 6 katika kila 10 Tanzania nzima walipata sifuri. Baadaye viwango vilipangwa upya, lakini mshituko ule ulikuwa wa haki, na shamba ndiko ulikouma zaidi.

La tatu ni bahari na karafuu, na hapa wageni hawaoni kitu. Tangu kilimo cha mwani kilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1980, rejista ya skuli za pwani huweza kusomwa kama kalenda ya maji: bamvua likitoka, viti vinabaki vitupu, hasa vya wasichana, kwa kuwa mama anahitaji mikono ya kufunga na kuvuna. Msimu wa karafuu nao una njia yake. Watoto huchuma, huchambua, huanika. Na wavuvi wa Kojani wanapokwenda dago, huondoka miezi kadhaa, na mvulana wa miaka kumi na mbili hufuatana na baba yake. Akirudi, wenzake wamekwisha kupanda darasa, naye anaona haya kukaa na wadogo. Hapo ndipo elimu yake inapoishia. Hakufukuzwa na mtu wala hakushindwa mtihani. Sikumbuki kuona faili lililomwandika mtoto kama huyo kwa jina lake.

Ndugu zangu, sababu hizi tatu ndizo zinazonifanya nisiiunge mkono rai ya kwanza. Ukiwachukua watoto watano wenye akili ukawapeleka mjini, umewasaidia watano, na darasa lililobaki umeliondolea wale waliokuwa wakiwavuta wenzao. Mwalimu akikosa hata mtoto mmoja wa kumjibu, huchoka upesi. Tena nani atachagua? Tunajijua. Mwaka wa kwanza tutachagua kwa alama, mwaka wa pili kwa alama na jina la baba, na mwaka wa tatu tutakuwa hatusemezani.

Rai ya kwanza ina neno moja zito, nami silifichi: nyumba ya walimu haiwezi kutuhakikishia kuwa mwalimu atapelekwa. Kupanga walimu ni kazi ya serikali. Kwa hiyo napendekeza tusitoe hata riali moja kabla kamati ya skuli na sheha hawajapata maandishi kutoka wizarani kwamba walimu wawili wa hesabu na sayansi watapangiwa pale, na kwamba nyumba itabaki mali ya skuli. Karatasi kwanza, saruji baadaye.

Ama kuhusu dakhalia, hesabu yake ni nyepesi. Wasichana wa vidato vya juu huko kwetu huamka alfajiri, huchota maji, hutembea, husoma, hurudi, hupika, na usiku ndio waanze kudurusu. Kila unapokaribia mtihani hufanywa kambi, watahiniwa wakalala madarasani kwa wiki chache, na wazee wenyewe wanashuhudia kuwa watoto husoma zaidi katika wiki hizo kuliko mwaka mzima. Dakhalia ni kambi ya mwaka mzima yenye vitanda, choo na mlezi wa kike. Umeme upo, tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, taa si muujiza tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengine wangependa lisisemwe hadharani, nalo ni watoto wetu wa huku. Kuanzia Julai 2017 kila mtegemezi wa mgeni alitozwa riali 100 kwa mwezi, zikapanda 200 mwaka 2018, 300 mwaka 2019, na 400 Julai 2020. Mtu mwenye mke na watoto wanne alijikuta anadaiwa riali 2,000 kila mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Wengi mliwarejesha mama na watoto nyumbani, na hakuna wa kuwalaumu. Kabla ya hapo, Novemba 2013, muda wa msamaha ulipokwisha na msako ukaanza, mtaa huu wa Manfuha uliona fujo, vifo na mabasi ya watu wanaoondoshwa, wengi wao Wahabeshi. Waliokuwa hapa hawajasahau kuona watoto wenye mikoba ya skuli wakipandishwa mabasini na wazazi wao.

Basi mtazameni mtoto wa miaka kumi na moja, aliyezaliwa Jeddah, akashushwa kijijini kwetu. Amesoma hesabu kwa Kiarabu. Kiswahili chake ni cha jikoni. Anajua kuomba chai, hajui neno la kugawanya wala la pembetatu. Anatiwa darasa la tano, ambapo hesabu ni kwa Kiingereza, nacho hakijui. Wenzake wanamwita Mwarabu, na mwalimu anamwona mzito. Nimewaona wa namna hii katika ukoo wetu wasiopungua wanne, na wawili kati yao wameacha skuli. Mtu akiniambia watoto hao hawana akili, nitamwomba yeye afanye mtihani wa sayansi kwa Kichina.

Watoto hao wanahitaji mwaka mmoja wa kuunganishwa: Kiswahili cha skuli asubuhi, maneno ya hesabu kwa Kiingereza jioni, kwa mwalimu anayelipwa posho na mfuko wetu. Nao wana kitu ambacho kijiji hakina. Kiarabu ni somo katika skuli za Zanzibar, na mtoto anayekisema kama maji anaweza kuwasomesha wenzake, akapata heshima badala ya jina la utani. Tena Kiarabu hicho kinaweza kumfikisha mbali. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kimewapokea vijana wengi wa Afrika Mashariki kwa ufadhili. Khartoum pia ilikuwa njia yetu hadi vita vya Aprili 2023 vilipoifunga na wanafunzi wetu wakarudishwa nyumbani.

Milango mingine iko nyumbani kwenyewe, mingi kuliko wakati wetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kusomesha mwaka 2001, na bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Zanzibar ipo tangu mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka 2023 wahandisi wa Madras, India, wamefungua tawi la chuo chao Bweleo, Unguja, la kwanza nje ya nchi yao. Nilipolisikia nilifurahi, kisha nikajiuliza ni mtoto gani wa kijijini kwetu atakayepita mlango ule, wakati tangu kidato cha kwanza hajafundishwa hesabu kwa mwaka mzima na mwalimu mmoja.

Namalizia na kazi za mikono. Mwenye nia ya kumrejesha mtoto nyumbani asingoje wiki ya safari. Cheti cha kuzaliwa cha huku kifasiriwe na kipelekwe ubalozi wetu hapa Riyadh kuthibitishwa; matokeo ya kila mwaka yachukuliwe skuli yakiwa na muhuri; na barua ya uhamisho isisahauliwe, kwani bila ya hiyo mwalimu mkuu wa kule hajui amweke mtoto darasa gani, na humrudisha nyuma kwa tahadhari. Kina mama wa Jeddah waorodheshe majina, umri na darasa la kila mtoto anayetarajiwa kuondoka mwakani, wampe katibu kabla hawajapanda gari. Mimi nitakaa naye kesho baada ya alasiri, tuandike pamoja ile barua ya kwenda kwa sheha na kamati ya skuli, na yeyote anayejua mwandiko mzuri wa taipu aje kutusaidia.