Bei ya Zulia: Wafumaji wa Kinavajo na Soko Lao



Katika nchi kavu ya majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, huko Marekani, wanaishi Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Ni wafugaji wa kondoo, na wanawake wao ni mafundi mashuhuri wa kufuma sufu. Manyoya hukatwa, husafishwa, huchanwa, husokotwa na kutiwa rangi, ndipo nyuzi zipandishwe katika kitanda cha mfumi kilichosimama wima. Zulia moja hula majuma mengi, na lile kubwa laweza kula mwaka na zaidi.

Wanavajo waliporejea nchini kwao mwaka 1868, baada ya kufungiwa Bosque Redondo, soko lao likaja kuwa duka la mgeni. Mfumaji alichukua unga, sukari na kahawa kwa mkopo, akaandikwa daftarini, kisha akaleta zulia kufuta deni. Hivyo aliyepanga bei ya unga ndiye aliyepanga na bei ya zulia. J. B. Moore, mwenye duka la Crystal, alichapisha katalogi mwaka 1911 na kuuza kwa posta. Kati ya mfumaji na mteja alisimama yeye.

Mazulia mengi ya kawaida yalinunuliwa kwa ratili. Makarani wa mizani waliopo hapa wamekwisha kukisia matokeo: baadhi ya wafumaji waliacha mafuta na mchanga katika sufu ili uzito uzidi. Wenye maduka walilalamika, lakini kosa lilianzia kwenye mizani. Mizani haikupima ufundi, na aliyefuma vizuri hakupata faida ya wema wa kazi yake. Mambo ya mikopo na rehani yaliendelea hata Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilipoyachunguza na kutoa taarifa kali mwaka 1973.

Njia nyingine ilifunguliwa Crownpoint, New Mexico, mwaka 1968. Wafumaji walianzisha mnada wao katika jengo la shule, siku za Ijumaa jioni. Mazulia yalipokelewa mchana na kutandazwa mezani, wanunuzi wakayapindua na kuyakagua, na wenye kazi wakiwapo. Kila mfumaji alitaja bei ya chini anayoikubali. Isipofikiwa, alirudi nyumbani na zulia lake. Haki hiyo ya kukataa haikuwamo katika duka lenye daftari. Huko Ramah nako wafumaji waliunda chama chao mwaka 1984.

Adui aliyebaki ni zulia la kuiga, linalofumwa kwingine kwa ujira mdogo na kuuzwa kwa michoro ya Kinavajo. Sheria ya mwaka 1990 yaweza kumtoza mtu faini ya hadi dola 250,000, au kifungo cha miaka 5, akiuza kitu kwa kudai uongo kwamba kimetengenezwa na Wahindi Wekundu. Hata hivyo, sheria hiyo haimzuii anayeiga michoro na kusema kweli kimefumwa wapi.

Mwaka 2012 blanketi la Kinavajo la karne ya 19 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.8. Jina la mfumaji wake halijulikani. Siku hizi wafumaji wengi hufunga kwenye zulia karatasi yenye jina lao, mahali watokako na vipimo, na wengine hupigwa picha wakilishika, mnunuzi aondoke nayo.