Simu ya Mwalimu wa Chekechea

Msikilizaji wa Matete, uwe Chevaywa au Lwandeti, leo nazungumzia watoto wa chekechea, PP1 na PP2, wale wa miaka minne na mitano. Kila teknolojia ya elimu inapotajwa katika nchi hii, wao husahaulika.

Mwaka wa 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Kesi za zabuni zikaja, mpango ukabadilishwa, na mwaka wa 2016 tabuleti zikaanza kufika katika shule 150 za majaribio. Chekechea haikuwamo. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hiyo mradi wa serikali kuu ukaanzia darasa la kwanza. Darasa la PP2 na darasa la kwanza huenda yakawa katika uwanja mmoja, lakini kila moja lina serikali yake.

Sidai tabuleti kwa watoto hawa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa miaka minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora. Mtoto wa umri huo hujifunza akiulizwa na kujibu, akiimba, akihesabu punje za mahindi kwa vidole vyake. Kifaa kisichomfanya ajibu humnyamazisha tu.

Wenzetu wa Zanzibar walilielewa hilo. Kuanzia mwaka wa 2006, kupitia mradi wa RISE, walikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inatulia kidogo, watoto wanajibu kwa sauti, wanasimama, wanaruka, na mtu mzima yuko pale kuwaongoza. Hata sisi Kenya, mapema miaka ya 1980, tulifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini. Redio ya bei nafuu ilitosha, mradi kipindi kiwe kimetungwa kwa mtoto na mwalimu asimame kando yake.

Lakini kinachonigusa zaidi ni simu iliyo mkononi mwa mwalimu. Mtaala unasema mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Hapa kwetu kuna Kitachoni, kuna Kikabrasi, na vitabu vya hadithi vya watoto wadogo kwa lugha hizi ni adimu mno. Mwalimu anabaki kutafsiri kichwani, sentensi kwa sentensi, huku watoto wakimsubiri.

Kuna njia, nayo iko kwenye simu hiyo. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umefungua maktaba ya bure ya hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kibukusu kikiwamo. Mwalimu si msomaji tu pale. Anaweza kuandika hadithi yake, akachagua picha, akaichapisha. Mwenzake wa Webuye akaichukua na kuigeuza kwa lugha ya watoto wake. Hadithi ambayo nyanya wa hapa Matete amekuwa akiwasimulia wajukuu jikoni inaweza kusomwa darasani wiki ijayo. Mwalimu wa chekechea akiwa mwandishi, hangoji tena kitabu kutoka Nairobi.

Mzazi, hapa naomba tuwe macho. Kinachofaa kwenda mtandaoni ni hadithi. Sura ya mtoto wako ina ulinzi: sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwanza. Mwalimu akitaka kupiga picha za darasa na kuziweka kwenye Facebook, ana wajibu wa kukuuliza, nawe una haki ya kukataa.

Sasa, bando. Mwalimu asiinunue kwa pesa ya unga wa watoto wake. Kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti, na wananchi lazima wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Kikao cha kuwasikiliza wananchi kikiitishwa, nendeni, akina mama na akina baba wenye watoto wa nasari. Ulizeni kama kuna fungu la intaneti ya walimu wa chekechea, la redio moja kwa kila kituo, na la mafunzo ya kuandika hadithi kwa lugha zetu. Kama halimo, mwambieni mwakilishi wadi wenu, mbele ya watu, alitie.